Kikao cha ukoo, baraza la kata au polisi: ukikosewa Moshi, shauri ulipeleke wapi?

Tuseme mama lishe mmoja wa Pasua, mjini Moshi, amefika kibandani kwake saa kumi na moja alfajiri, akakuta kufuli limekatwa. Mtungi wa gesi haupo. Sufuria mbili kubwa za wali hazipo. Pesa ya mchezo aliyoificha kwenye kopo la chumvi nayo haipo. Kufika saa nne mtaa mzima unamjua aliyefanya: kijana wa miaka 19, mtoto wa jirani wa ukuta mmoja, ambaye usiku ule alionekana amepakia mtungi kwenye bodaboda.

Jua halijawa kali, mama huyu ameshashauriwa na kila mtu. Shangazi yake anasema, "Mwanangu, waite wazazi wake tukae. Hawa ni majirani, mtazikana." Mwingine anamwambia apite kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata. Fundi wa kuchomelea wa jirani anasema polisi moja kwa moja, kijana akalale ndani ajifunze. Na vijana wa kijiweni wanasema waachiwe wao. Ushauri huo wa mwisho siulinganishi na chochote. Magazeti yana maneno yake ya siku zote, "wananchi wenye hasira kali", na mwisho wake huwa ni maiti na kesi ya mauaji.

Zinabaki njia tatu. Watu wengi huzipima kwa haraka na kwa ukali: ipi inaisha mapema, ipi itamuuma zaidi mwizi. Kipimo hicho hakimsaidii sana aliyeibiwa. Ningemwambia ajiulize mambo mawili: nikichagua njia hii, shauri linabaki mkononi mwa nani? Na mtungi unarudije?

Shauri ni la nani

Mwaka 1977 mwanazuoni wa Norway, Nils Christie, alichapisha makala ambayo mpaka leo husomwa na karibu kila anayeshughulika na haki rejeshi, ile inayotanguliza kurekebisha madhara kabla ya adhabu. Hakuanzia Oslo. Alianzia huku kwetu, katika kijiji kidogo cha mkoa wa Arusha, ndani ya nyumba iliyofurika watu. Wachumba wawili walikuwa wameachana na sasa wanadaiana mali. Wenyewe wawili walikuwa katikati ya chumba, ndio waliokuwa wakisema. Ndugu zao waliingilia hapa na pale bila kuwapokonya maneno. Umati uliuliza maswali mafupi, ukatoa habari, ukatia na utani. Waliotakiwa kuamua, makatibu watatu wa chama, walikaa kimya karibu muda wote.

Kisha Christie akageukia mahakama za kwao: majengo ambayo mtu wa kawaida hujipotelea ndani yake, mawakili wanaosema kwa niaba ya wateja, na mwenye shauri amekaa pembeni kama mgeni. Hoja yake ilikuwa kwamba dola na wanasheria huwapokonya watu ugomvi wao. Aliyekosewa anapoteza mara mbili, kwanza kwa aliyemkosea, halafu kwa kuondolewa kwenye shauri lake mwenyewe.

Ukitaka kuona maana yake, nenda kafungue jalada polisi. Tangu siku hiyo kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya yule kijana. Mama lishe si mwenye kesi tena, ni shahidi. Ataitwa siku ya kuitwa, atajibu anachoulizwa, ataambiwa kesi imeahirishwa.

Haki rejeshi huanza kwingine. Badala ya kuuliza sheria gani imevunjwa na adhabu yake nini, inauliza nani ameumizwa, anahitaji nini ili asimame tena, na ni wajibu wa nani kumsimamisha. Tusidhani ni habari za kizamani za wazee wa mgombani. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira, Ontario, nchini Kanada, vijana wawili wa miaka 18 na 19 walilewa wakaharibu mali za watu 22 usiku mmoja. Afisa wa uangalizi, Mark Yantzi, alimshauri hakimu awapeleke nyumba kwa nyumba, wakutane na kila waliyemharibia, wasikie hasara yake kwa masikio yao, kisha walipe. Hakimu akakubali, na kutokana na hapo programu za aina hiyo zikaenea. New Zealand mwaka 1989 ikaandika sheria inayofanya kikao cha familia kuwa njia kuu kwa vijana waliokosa, baada ya Wamaori kulalamika kwamba mahakama inawatenga watoto wao na ukoo. Kwa hiyo shangazi wa Pasua hajasema ushamba.

Lakini Christie aliona nyumba moja, siku moja. Wale wachumba wawili walikuwa na midomo inayolingana. Mjane aliyekaa mbele ya shemeji zake watano hana mdomo huo, na hapo ndipo ninapoachana na wanaosifia vikao bila masharti.

Kikao cha familia au ukoo

Huku milimani, Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu, kikao kina mifupa yake. Kuna mwenyekiti wa ukoo, kuna baba wakubwa na wadogo, kuna mashangazi ambao hukaa nyuma lakini ndio wanaokumbuka nani alisema nini. Aliyekosa anaweza kutanguliza jani la isale, lilelile linalopandwa kwenye mpaka wa kihamba (shamba la ukoo la Wachagga), na likishapokelewa mwenye kinyongo anatazamiwa asikilize. Yakiisha, mbege inazunguka kwenye kata. Ukivuka kwenda Arusha, kwa Wamaasai na Waarusha, utakuta shauri linabebwa na rika na laigwanani wake, yaani kiongozi wa rika hilo, na faini inahesabiwa kwa mifugo.

Pasua si mgombani. Ukuta mmoja unaweza kuwatenganisha Mpare na Mrangi, na hakuna mwenyekiti wa ukoo anayewaunganisha. Kikao cha mjini ni wazazi wa pande mbili, mzee wa kanisa au mtu wa msikitini, jirani mmoja anayeheshimika, viti vya plastiki vya kuazima na soda. Kinafanya kazi, ila hakina mizizi ya kumbana kijana akishahamia Dar.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mama lishe anasema. Anaweza kumwambia kijana usoni kwamba pesa ile ilikuwa zamu yake ya mchezo, kwamba siku tatu hakupika na wateja wa karakana wamehamia kwa mwingine. Mahakamani hakuna atakayemuuliza habari ya wateja wa karakana. Kijana naye hawezi kujificha nyuma ya "siyo kweli mheshimiwa". Na mtungi unaweza kurudi leo jioni, kwa kuwa baba yake anamjua aliyeununua.

Je, kukutanishwa hivi kunamfanya mkosaji asirudie? Mwaka 2013 ilitoka tathmini iliyokusanya majaribio 10 ya Australia, Uingereza na Marekani, ambako wakosaji waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakakutanishwa ana kwa ana na waliowakosea, wengine wakafuata utaratibu wa kawaida peke yake. Waliokutanishwa walirudia makosa kwa kiwango kidogo zaidi. Tofauti ilikuwa ya wastani, haikuwa muujiza. Kilichojitokeza kwa nguvu ni upande wa waliokosewa: waliridhika zaidi na jinsi shauri lao lilivyoshughulikiwa. Vikao vile, hata hivyo, vilikuwa na mwongozaji aliyefundishwa na maandalizi ya kila upande peke yake. Usivichukulie sawa na kikao kilichoitwa kwa simu saa mbili kabla.

Sasa ubovu. Niuseme kwa kirefu, maana ndiko watu wanakoumia.

Kwanza, faini huliwa. Hili nimelisikia likisimuliwa kama mzaha, nami silioni hivyo. Kijana anatozwa mbuzi na mbege, mbuzi anachinjwa, wazee wanakula, watu wanashikana mikono, na mama lishe anarudi nyumbani na kipande cha nyama na kibanda kisicho na mtungi. Faini ni ya kikao. Fidia ni ya aliyekosewa. Kikao kinachotaja ya kwanza kabla ya pili kimemsahau mwenye shauri, na ana haki ya kusimama aseme hivyo.

Pili, msamaha wa kusukumwa. Moshi ni mji wa makanisa na jumuiya, na hakuna kikao kitakachokosa mtu wa kukumbusha saba mara sabini. Neno la Mungu ni neno la Mungu, ila likitolewa dakika ya kumi, kabla mtu hajamaliza kusimulia alichotendewa, linamziba mdomo. Kijana naye anajifunza kwamba "nisamehe mama" ni malipo kamili.

Tatu, nani kakalia kiti. Mwenyekiti akiwa baba mkubwa wa kijana, au anadaiwa na baba yake, au ndiye atakayenufaika kihamba kikigawanywa, hicho si kikao tena. Jambo hili ukiliuliza mapema halina aibu. Ukiliuliza katikati ya kikao linaonekana matusi.

Nne, muda. Ndugu wakubwa wa ukoo wako Dar, Mwanza, Nairobi, na mashauri mengi ya milimani yanasubiri Desemba watu warudi kula Krismasi. Kwa mpaka wa shamba unaweza kusubiri. Kwa mama anayepika kila siku, Desemba ni mbali.

Na kitu kimoja hakina mjadala: kijana akikana, hakuna kikao. Haki rejeshi haina kazi ya kutafuta nani kafanya. Ikianza kutafuta, inageuka kuwa mahakama isiyo na hakimu, na mara nyingine kuwa mateso.

Baraza la Kata

Hili liko katikati, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 inaweka wajumbe wasiopungua 4 na wasiozidi 8, wakazi wa kata yenyewe, wanaochaguliwa na kamati ya kata. Kazi yao ya kwanza kisheria ni kulinda amani kwa kusuluhisha, siyo kuhukumu. Wakili haruhusiwi kuja kukusemea, unasema mwenyewe kwa Kiswahili chako. Kuna katibu anayeandika, na karatasi yenye muhuri inabaki.

Kwa maneno mengine, kwenye karatasi Baraza linakaribia sana kile alichokiona Christie, kukiwa na nyongeza ya kumbukumbu zilizoandikwa. Kwenye uhalisia inategemea kata. Lipo baraza linalokaa kila wiki na kusikiliza mpaka mwisho, lipo linalokuambia urudi Alhamisi mpaka unachoka. Waulize waliopita hapo mwaka huu, usimuulize mtendaji.

Kwa mama lishe wetu kuna tatizo. Baraza hushughulika na madai na makosa madogo. Kukata kufuli usiku na kuiba si kosa dogo, na baraza lenye katibu makini litamwelekeza polisi. Kwa matusi, ng'ombe aliyeingia shambani, deni la duka, maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia) yaliyofunguliwa kwa zamu ya mwingine, hapo Baraza ni mahali pake, na ningelitanguliza mbele ya polisi bila kusita.

Ardhi ina utaratibu wake, na umebadilika. Kabla ya 2021 Baraza la Kata lilikuwa na mamlaka ya kuamua baadhi ya migogoro ya ardhi. Marekebisho ya mwaka huo yaliyaondoa, sasa linasuluhisha tu. Huwezi kufungua shauri la ardhi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila hati ya Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita bila suluhu, hapo unaruhusiwa kwenda bila hati. Ukikuta baraza la kata leo linatoa "hukumu" ya shamba, jua limevuka mpaka wake. Vijijini kuna pia Baraza la Ardhi la Kijiji chini ya sheria ya mwaka 1999, lenye watu 7, wanawake wasiopungua 3, nalo ni la kusuluhisha.

Ndoa nayo, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka mpaka baraza la usuluhishi wa ndoa lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kwa hiyo katika mambo mawili yanayogombanisha watu wengi Kilimanjaro, shamba na ndoa, swali la "nikapatane au nikashtaki" halipo. Sheria imeshakupanga foleni, unaanza na kupatana.

Mjane mwenye mgogoro wa kihamba namwambia hivi: muhtasari wa kikao cha ukoo utauhitaji kwa ajili ya mirathi, kwa hiyo hudhuria. Ila usikiachie kikao kiamue haki yako ya ardhi. Mila zetu zimempa mwanamke nafasi ndogo sana kwenye ardhi ya ukoo. Sheria za ardhi za 1999 zinasema haki yake ni sawa na ya mwanaume, na mila inayomnyima haina nguvu. Tangu mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika shauri la Ephrahim na Pastory, ilishasema mwanamke anaweza hata kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Kikao cha shemeji zako kinaweza kuwa hakijasikia. Tafuta msaidizi wa kisheria kabla ya kuingia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na wapo wanaosaidia bila malipo.

Polisi na Mahakama ya Mwanzo

Hapa kuna nguvu ambayo kikao hakina. Mtu anakamatwa hata kama hataki. Ushahidi unatafutwa. Aliyenunua mtungi anaitwa. Kijana anayecheka kikao cha wazee hachekelei pingu.

Ukienda, toka na namba ya RB, yaani namba ya ripoti yako kwenye kitabu cha polisi. Kama umepigwa, omba PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hutolewa bure, na dhamana pia ni bure. Zaidi ya hapo kuna kuahirisha, nauli, siku za kibanda kufungwa, na uwezekano wa kijana kufungwa huku hasara yako ikibaki palepale. Gereza la Karanga linasifika kwa viatu. Mtungi wa gesi haurudi kutoka huko.

Hata hivyo mahakama si ukuta mtupu kama watu wanavyodhani, na hapa ndipo wengi hupoteza. Katiba yenyewe, Ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine, na zikuze usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu hakimu, katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi, kusimamisha kesi na kuwapatanisha kwa masharti yakiwemo fidia. Mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama inaweza kuamuru amlipe fidia aliyemuumiza. Na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 atumikie adhabu nje, kwa kazi za umma bila malipo. Mambo haya yapo. Yanakosa mtu wa kuyaomba. Shahidi anayemaliza ushahidi wake akanyamaza hapewi fidia. Sema mbele ya hakimu: nimepoteza kitu hiki na hiki, thamani yake ni hii, risiti hizi hapa, naomba nilipwe.

Kijana angekuwa na miaka chini ya 18, mambo yangebadilika. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampeleka Mahakama ya Watoto, inakataza kumfunga jela, na inamwingiza afisa ustawi wa jamii aandike taarifa ya nyumbani kwao. Hapo ndipo kikao kizuri kinapoweza kuungana na mahakama. Kwa mkosaji mtoto ningechagua njia ya kupatanisha karibu kila mara, maadamu aliyekosewa ameridhia.

Watu husema kupatanisha ni kwa mambo madogo tu. Arusha yenyewe inaleta ubishi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa kwenye jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, kuanzia 1995 hadi 2015, ikawafungulia mashtaka watu 93, wakubwa waliopanga. Nyumbani Rwanda, mahakama za gacaca, karibu 12,000, zilikaa nyasini na kumaliza karibu kesi milioni 2 kufikia 2012, zikiwataka watuhumiwa wakiri mbele ya majirani. Gacaca ilifunga watu pia, na ililaumiwa kwa mengi, wakiwemo mashahidi waliotishwa. Lakini hakuna aliyeweza kufanya kazi ya mwenzake.

Ambapo kikao hakiruhusiwi

Ubakaji, kulawiti, ngono na mtoto, ukeketaji, kumjeruhi mtu vibaya. Haya hayakaliwi. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kifungo cha ubakaji hakipungui miaka 30, na aliyembaka mtoto chini ya miaka 10 anafungwa maisha. Ukeketaji wa msichana chini ya miaka 18 una kifungo cha miaka 5 hadi 15. Bado kuna familia "zinayamaliza": mbuzi wawili, pesa kidogo kwa baba wa mtoto, na mtoto mwenyewe hakuulizwa, wala siku hiyo hakuwepo chumbani. Kinachoitwa amani hapo ni biashara ya watu wazima. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya mtoto.

Kipigo cha ndani ya nyumba kinanipa shida zaidi, kwa kuwa wenyewe mara nyingi hawataki mume afungwe, wanataka aache. Sharti langu ni moja: anayeogopa akirudi nyumbani usiku hawezi kusema ukweli kikaoni mchana. Kama hofu ipo, anza na usalama, mengine baadaye. Na kama wazee walishakaa mara moja akapigwa tena, kikao cha pili hakina kazi.

Ningemshauri nini mama wa Pasua

Angefanya mawili kwa pamoja. Asubuhi aripoti, achukue RB, ili mali ianze kutafutwa na kuwe na kumbukumbu. Jioni, kama kijana amekiri bila kupigwa na wazazi wako tayari, wakae. Kabla ya kukaa, mwongozaji, mtu asiye ndugu wa upande wowote, aonane na kila upande peke yake. Mama aende na mtu wake mmoja. Aanze yeye kusema, amalize. Kijana ajibu mwenyewe, si baba yake.

Kisha waandike. Ukurasa wa daftari unatosha, wenye majina, wino wa dole gumba na sahihi za mashahidi. Iandikwe kilichochukuliwa, kimoja kimoja na thamani yake. Kinachorudi chenyewe na kinacholipwa kwa pesa. Awamu ngapi, tarehe gani, nani anapokea. Kama atalipa kwa kazi, kubeba maji au kuosha vyombo kibandani, siku zipi na chini ya macho ya nani, na mama awe amekubali kwa hiari kumwona kibandani tena. Nani atafuatilia baada ya mwezi.

Sentensi moja isiwemo: "mlalamikaji hatatoa ushahidi wala kudai popote." Kwa kosa kubwa kama hili, kupokea pesa ili ufiche kosa au ukatae kutoa ushahidi ni jinai kwa upande wako. Kurudishiwa mali yako hakukutii matatani, kuuza ukimya wako ndiko kunakokutia. Kama jalada limeshafunguliwa, mpelekee mpelelezi nakala ya makubaliano, na kesi ikifika mahakamani mweleze hakimu yaliyokwisha kulipwa. Kuendelea au kutoendelea kwa kesi si uamuzi wa kikao.

Kijana akilipa awamu mbili na kupotea ya tatu, karatasi ile haijafa. Ni ushahidi wa deni. Mama anaweza kuipeleka Mahakama ya Mwanzo kama madai ya kawaida, na waliosaini kama mashahidi wataitwa waseme walichokiona.